Asante ya Mama Shuka

Ukiajiriwa kufua nguo kwenye hoteli kubwa, kitu cha kwanza unachofundishwa si sabuni. Sabuni mtajuana tu, itakuchuna vidole mpaka mzoeane. Kitu cha kwanza ni mdomo. Mgeni akishuka kulalamika, awe na haki au asiwe nayo, hata kama doa la shati ni la mchuzi alioumwaga mwenyewe mbele ya mashahidi, neno la kwanza la mfuaji ni asante. Asante bwana, lakini shati lilikuja hivi. Asante mama, lakini kifungo hiki hatukukikuta. Baada ya lakini unaweza kusema yako, ila asante ni ya hoteli, na lazima itangulie. Aliyeanza na lakini alikuwa akiitwa ofisini kesho yake, na wengine hawakurudi.

Mama Shuka alikuwa ameizoea asante hiyo mpaka ikamfuata nyumbani. Mtoto akivunja kikombe, mama anasema asante kwanza, halafu ndipo anafoka. Siku moja sokoni mlevi alimkanyaga kwa buti, naye akamwambia asante, na mlevi akamjibu, "Karibu tena." Kisa hicho kilisimuliwa kila alipoingia mfanyakazi mpya chumba cha kufulia, na msimuliaji alikuwa yuleyule mwenzake waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Mama Shuka mwenyewe alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kucheka, na jina hilo la Mama Shuka alipewa kwa heshima, maana kwa kukunja mashuka hapakuwa na wa kumfikia.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, kina mvuke tu na ngurumo za mashine, na waliokuwa humo wote walikuwa weusi. Waosha vyombo walikuwa weusi, wabeba taka weusi. Ukipanda ngazi na kuusukuma mlango wenye kioo cha duara unakanyaga zulia, na hapo watu wanageuka rangi ghafla: mapokezi weupe, uhasibu weupe, msimamizi wa vyumba mweupe hata kama ameajiriwa jana na bado anauliza choo kiko wapi. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote, wala aliyewahi kulitamka. Ilitokea tu hivyo, kwa bahati, na bahati hiyo ilikuwa na shabaha ya ajabu. Mama Shuka alikuwa ameifanya kazi ile tangu mziwanda wake akiwa tumboni, na sasa mziwanda alikuwa amemaliza chuo.

Huyo mziwanda ndiye roho yake. Alisomea mambo ya hoteli, akafaulu vizuri, akaomba kazi ya mapokezi palepale kwa mama yake. Alijibu maswali yote, akaagwa kwa tabasamu, akaambiwa atapigiwa simu. Simu ilikuja kweli. Nafasi ya mapokezi alikuwa ameipata msichana mweupe aliyekaa naye dawati moja chuoni, yule aliyekuwa akinakili kazi zake kwa uaminifu mkubwa, hata makosa akiyanakili. Yeye mziwanda aliambiwa kwamba hoteli imevutiwa naye sana, na kwa kuwa wanaithamini familia yake, wanamkaribisha chumba cha kufulia.

"Kufua naweza, Mama," alisema siku hiyo, akiwa ameketi kitandani na viatu vyake vya usaili bado miguuni. "Lakini kufua ningekuja bila chuo. Kwa nini hukuniambia tukaokoa muda?"

Alisema kwa utani, ila mama yake hakucheka. Alikwenda jikoni akasimama mbele ya sufuria tupu kwa muda mrefu, asijue alichofuata.

Basi ndipo ikaja kamati. Bunge lilikuwa limeunda kamati ya kuchunguza ubaguzi wa rangi katika ajira, na kamati ikawa inazunguka mji hadi mji ikisikiliza watu. Ilikuwa na nguvu za kumwita mwajiri yeyote na kumuuliza ajibu chini ya kiapo. Redio ndiye aliyezileta habari, na kabla hajazimaliza alikuwa ameshampeleka Mama Shuka kuandikishwa kuwa shahidi.

"Kwa nini usiende wewe?" Mama Shuka alimuuliza. "Mdomo si unao wewe?"

"Mimi nikianza watanitoa na askari. Wewe una sauti ya mtu wa kuaminika. Halafu mwenye mtoto ni wewe, dada, si mimi. Jikaze kisabuni."

Walifanya mazoezi nyumbani Jumamosi mchana. Mziwanda alijitanda taulo mabegani akawa mwenyekiti, akagonga meza kwa kijiko. "Shahidi, ielezee kamati!" Mama akaangua kicheko, akaomba maji, akaanza upya, akacheka tena. Lakini kadiri walivyorudia ndivyo sauti ilivyotulia, na mwishowe alikuwa akisema bila kutazama chini. Yote aliyotaka kusema walikuwa wameyakamua mpaka yakabaki maneno machache: mwanangu aliomba kazi ya mapokezi, sifa anazo, wamempa kufua, naiomba kamati imuulize mwajiri kwa nini.

"Usiondoke kwenye kile kiti kabla hujayasema hayo," mziwanda alimwambia. Alikuwa amelivua taulo na hakuwa anatania tena. "Mengine yote wakiyasahau sawa. Hilo swali waliulize. Wakiliuliza wao, hawa wa hoteli watashindwa kulijibu, na nafasi yangu italazimika kuangaliwa upya. Wamenipa mpaka Jumatatu ya baada ya kikao niwajibu kama naja au siji."

"Nitayasema, mwanangu."

"Najua utayasema."

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa manispaa. Kulikuwa na baridi ya mashine humo ndani, na mbele ya shahidi palikuwa na kipaza sauti chenye taa ndogo nyekundu. Ikiwaka unasikika, ikizima unaongea peke yako. Mwenyekiti alikuwa mzee mweusi mwenye mvi safi na uso wa huruma. Alimwita "mama yangu" na kumuuliza kama kiti kinamfaa. Tumtendee haki: nia yake ilikuwa njema asubuhi ile, isipokuwa mashahidi walikuwa wengi na saa ya chakula ilikuwa inakaribia.

Mama Shuka alianza vizuri. Alieleza ngazi, alieleza mlango wenye kioo cha duara, alieleza wasimamizi wapya wangapi aliwaonyesha kazi kisha wakawa ndio wanaomtuma. Ukumbi ulitulia. Nyuma, Redio alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno kama anayeimba moyoni. Kisha mjumbe mmoja, mwanasheria, akauliza kwa upole:

"Mama, ni nani hasa aliyekuambia kwamba mtu mweusi hapandi juu?"

"Hakuna aliyeniambia, mheshimiwa."

"Umewahi kuona tangazo, agizo, kitu chochote cha namna hiyo?"

"Hapana. Lakini ndivyo ilivyo. Hata mwanangu juzi..."

"La mwanao tutalifikia, mama yangu," mwenyekiti alimkatiza taratibu, akitazama saa ya ukutani. "Mwajiri naye yupo hapa. Tumsikie kidogo, halafu tutarudi kwako. Usiondoke."

Mama Shuka akakaa hapohapo, taa yake ikazimwa. Meza ya pili aliketi afisa utumishi wa hoteli, mwanamke mweupe mwenye sauti ndogo ambaye hajawahi kumgombeza mtu yeyote. Wanaogombeza alikuwa nao wengine. Aliapa, akaishukuru kamati, kisha akamtaja Mama Shuka kwa jina lake kamili, jina ambalo kule chini hata Redio hakulijua. Akasema huyu ni mmoja wa wafanyakazi wanaowapenda mno. Akasema hoteli haina rangi, ina familia. Na kama kamati inataka ushahidi, basi ushahidi umeketi palepale: majuzi tu hoteli imempa ajira binti wa mama huyu, kijana aliyetoka chuo, katika nyakati hizi ambazo kila mtu anajua kazi zilivyo adimu.

Hakusema kazi gani, na hakuna aliyemuuliza. Wajumbe wakapiga meza kwa viganja, kama wafanyavyo bungeni wanapofurahi. Mwenyekiti uso ukamchanua. Asubuhi nzima alikuwa akisikia vilio tu, na sasa kumbe kulikuwa na jambo jema.

"Mama yangu," akasema, "hili la binti umelisikia. Unasemaje?"

Taa nyekundu ikawaka. Ukumbi mzima ukamgeukia, na afisa utumishi naye akamgeukia kwa lile tabasamu lake, kichwa amekiinamisha kidogo upande, sawasawa na mgeni aliyeleta shati na anangoja majibu. Mama Shuka alikuwa na maneno yake yote. Yalikuwa yamejipanga, tangu mapokezi mpaka kwa nini, na alivuta pumzi ayatoe.

"Asante," akasema.

Ile lakini ilikuwa nyuma yake, inakuja. Ilikuwa kwenye ulimi kabisa. Ila wajumbe hawakuwa wafuaji, hawakujua kwamba kwa watu hawa asante ni mwanzo tu wa sentensi. Walidhani amemaliza. Meza zikapigwa mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na mjumbe mmoja mama akafuta machozi. Mwenyekiti akasema, "Sisi ndio tukushukuru, mama yangu. Haya ndiyo matunda tunayotaka kuyaona." Taa ikazima. Mama Shuka akasema lakini, akasema mwanangu aliomba, akasema mapokezi, midomo ikicheza na sauti ikimezwa na viganja, na tayari mhudumu wa ukumbi alikuwa amemshika kiwiko kwa adabu akimwonyesha njia, kwa kuwa shahidi mwingine alikuwa anangoja.

Redio alisimama akaanza kupiga kelele kwamba hajamaliza, mwacheni amalize. Alitolewa na askari kama alivyotabiri mwenyewe.

Mama Shuka alimvizia katibu wa kamati kwenye korido. Alikuwa kijana mstaarabu, akamsikiliza mpaka mwisho, na alipoambiwa kazi yenyewe ni ya kufua akashika kipaji cha uso.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasema, baba. Nilikuwa ndiyo naanza."

"Ungeanza na hilo." Alimwonea huruma kweli, ilionekana. "Sasa kilichosikika kwenye kipaza sauti ndicho kilichosemwa. Unaweza kuniletea maelezo ya maandishi, nitayapokea. Ila nisikudanganye, wajumbe wanaondoka leo jioni, na wakikumbuka kitu cha mji huu watakumbuka ile asante yako."

Alikwenda akakaa kwenye benchi la korido pamoja na watu waliokuja kulipia maji. Alijiona mjinga. Alijaribu kumkasirikia mwenyekiti akashindwa, akajaribu kumkasirikia afisa utumishi, na hasira ikafika nusu ikarudi kwake mwenyewe.

Nyumbani mziwanda alikuwa ameshayaona yote kwenye simu, maana kikao kilirushwa moja kwa moja. Alikuwa anamenya viazi. Mama alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Nilikuwa naendelea," akasema.

"Najua, Mama."

"Walipiga meza. Sikuwa nimemaliza."

"Najua, Mama. Mimi nakujua. Kaa ule."

Heri angefoka. Mama Shuka alikuwa amejiandaa kwa ugomvi njia nzima, amejiandaa hata kwa machozi, na sasa alipewa sahani. Alikula kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Taarifa ya habari ilikitaja kipande hicho cha asante, kisha ikaendelea na mpira. Majirani wakaja kutoa pongezi. Mjomba wake mziwanda, fundi saa, alikuja na maneno mengi kuliko wote. Alisema dada yake amelitoa jina la familia mpaka bungeni, na sasa mtoto akiikataa kazi si watu watasema mama alidanganya chini ya kiapo? "Mpaka mwenyekiti amemsifu mama yako," alisema, "halafu wewe binti uvimbe kichwa?" Alimvisha dada yake kilemba cha ukoka jioni nzima, akaondoka ameridhika.

Asubuhi iliyofuata afisa utumishi aliteremka chumba cha kufulia. Hakuwa amewahi kufika huko. Alitazama juu kwenye mabomba kana kwamba yatamdondokea. Alimshika Mama Shuka mikono yote miwili, mikono yenye unyevu, wala hakuonyesha kinyaa.

"Umetutoa kimasomaso," alimwambia. "Kamati itapita hapa Jumanne ijayo, wakirudi kutoka ziarani. Mwenyekiti ameomba amwone binti akiwa kazini. Atakuwepo, sivyo?"

"Bado hajaamua, mama."

"Aa." Alifikiri kidogo. "Akikosekana sijui sisi tutawaambia nini. Na sijui wewe utawaambia nini." Sauti ilikuwa ileile ndogo, ya huruma. Inawezekana hakikuwa kitisho. Redio aliapa kwamba kilikuwa kitisho, na akamwonyesha ngumi mgongoni alipokuwa akipanda ngazi, ila ngumi yenyewe aliificha nyuma ya kapu la taulo.

Mama Shuka aliazimia kutomwambia mwanawe maneno yale. Alimwambia tu kwamba kamati inakuja, na kwamba yeye asijihisi amebanwa. Angeweza kutafuta kwingine. Dunia ni pana.

"Kwingine wapi?" mziwanda aliuliza. Tangu amalize chuo alikuwa ameomba hoteli zote za mji, na zote zilikuwa na ngazi zilezile. "Na wewe utabaki salama nikikataa?"

"Mimi nitajijua."

"Mama."

"Si lazima, mwanangu. Nakuambia kwa moyo wangu wote, si lazima."

"Ni lazima, na unajua ni lazima," alisema, bila ukali wowote. Jumatatu akaenda.

Walimpa ovaroli ya bluu iliyompwaya. Mama Shuka alisali mwanawe aboronge. Alimwombea achome foronya, achanganye nyeupe na nyekundu, azimie kwa joto, apelekwe nyumbani akiwa hafai. Lakini mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi. Kabla ya mchana alikuwa akiipeleka mashine kubwa ya kunyoosha kama ameishi nayo, na msimamizi akasema, "Huyu mkono wake ni wa mama yake mtupu." Wenzake walipiga vigelegele. Mama alikwenda kusimama nyuma ya makapu mpaka uso wake ukakaa sawa.

Jumanne kamati ikaja, na kamera mbili. Wajumbe waliteremka ngazi wakijipepea. Mama na mwana walikuwa wanakunja mashuka makubwa, kazi inayotaka watu wawili: kila mmoja anashika ncha zake, mnavuta mpaka linyooke, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenyekiti alimtambua Mama Shuka mara moja, akaja moja kwa moja.

"Na huyu ndiye binti?"

Mziwanda alimtazama. Hakutabasamu wala hakununa. Mwenyekiti akatazama ovaroli, akatazama mashine, kisha akamtazama msichana usoni, na kitu fulani kikambadilika machoni. Mzee hakuwa mpumbavu.

"Hii ndiyo kazi uliyoiomba, mwanangu?" akauliza.

Safari hii hapakuwa na taa nyekundu, wala foleni ya mashahidi. Kamera zilikuwa zinangoja, wajumbe walikuwa kimya, hata mashine ya karibu ilikuwa imezimwa kwa ajili yao. Mzee alikuwa anauliza kwa dhati na alikuwa tayari kungoja jibu. Mziwanda aligeuka akamtazama mama yake, akingoja naye, maana maneno yale waliyakamua pamoja, na kuyasema ilikuwa kazi ya mama.

Mama Shuka alimwona afisa utumishi amesimama nyuma ya mwenyekiti, kichwa upande. Alimwona Redio ameshika mdomo kwa viganja viwili. Aliona ovaroli mbili za bluu, yake na ya mwanawe, riziki zote mbili za nyumba ile zimo chumba kimoja. Ulimi haukuteleza. Alikuwa na muda wa kutosha, na alijua anachofanya.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema. "Ndiyo aliyoiomba. Amefurahi sana."

Mwenyekiti akangoja kidogo zaidi, kisha akaitikia kwa kichwa na kuendelea kwenye mashine nyingine, na wajumbe wakamfuata.

Mziwanda akazivuta ncha zake mpaka shuka likanyooka. Akaja katikati, akazitia ncha mikononi mwa mama yake, akainama kuokota lingine.